Kwa Nini Betri: Mhadhara juu ya Matsushita, kutoka Osaka hadi Barabara ya Pugu



Viwanda vya Japani vitengenezavyo vyombo vya umeme vimekwisha kuandikiwa sifa nyingi, na aghalabu mwandishi huanza kwa televisheni, akapitia mikanda ya video, akahitimisha kwa vyombo viingiavyo mfukoni, kana kwamba tarehe ya viwanda hivyo ni msafara wa maajabu yafuatanayo. Mimi leo nakusudia kushika njia iliyo nyembamba zaidi. Kampuni ninayotaka kuwasimulia, ambayo ulimwengu uliijua kwa jina la Matsushita na sisi hapa tukaijua kwa jina la National, nitaifuata kwa bidhaa yake iliyo duni kuliko zote, nayo ni betri kavu ya tochi na redio. Maana televisheni hazikuwa na sehemu katika safari iliyoifikisha kampuni hii Dar es Salaam mwaka 1966.

Konosuke Matsushita alizaliwa mwaka 1894 katika kijiji cha mkoa wa Wakayama, na baba yake alipofilisika kwa biashara ya kubahatisha bei ya mpunga, mtoto akapelekwa Osaka akiwa na umri wa miaka tisa, akatumikishwa kwanza katika duka la majiko ya makaa na kisha katika duka la baiskeli. Akaja kuajiriwa na kampuni ya umeme ya mji ule, akapanda cheo, akaacha kazi mwaka 1917 ili atengeneze soketi ya taa ya ubunifu wake, soketi ambayo wenye maduka hawakuitaka. Lau si oda ya sahani elfu moja za kuhami feni, iliyomwangukia mwisho wa mwaka ule, yamkini tusingekuwa na habari ya kusimulia. Mwezi Machi 1918 akaanzisha rasmi karakana yake, yeye na mkewe Mumeno na shemeji yake Toshio Iue, huyu ambaye baada ya Vita Kuu ya Pili alikwenda kuasisi kampuni ya Sanyo.

Wakati huo waendesha baiskeli wa Osaka walitembea usiku kwa mshumaa au kwa taa ya mafuta, na upepo ukivuma nuru huzimika. Taa za betri zilikuwapo, ila betri zake zilikufa kwa muda wa saa mbili tatu. Mwaka 1923 Matsushita akatoa taa yenye umbo la risasi, iliyoweza kuwaka saa thelathini hadi hamsini kwa betri moja. Wauzaji wa jumla wakaikataa, kwa kuwa hawakuamini saa hizo; naye, badala ya kubishana nao, akazipeleka taa katika maduka ya rejareja, akaziwasha na kuziacha zikiwaka, mwenye duka ahesabu saa mwenyewe. Miaka minne baadaye, alipotoa taa ya mraba aliyoipa jina la National, akagawa bure taa elfu kumi, baada ya kumshawishi mtengenezaji wa betri ampe naye betri elfu kumi bila malipo kwa ahadi kwamba betri laki mbili zitauzwa kabla ya mwaka kwisha. Naona ujasiri huu wa Matsushita una thamani kuliko falsafa aliyokuja kuitangaza mwaka 1932, ya kwamba wajibu wa mwenye kiwanda ni kuvifanya vitu viwe vingi na rahisi kama maji ya bomba, ambayo mpita njia huyanywa na hakuna amkemeaye. Wanaomsifu huanza na falsafa hiyo. Msikilizaji wa Mbagala, ajuaye maji ya bomba yalivyo adimu, ana haki ya kutabasamu.

Basi kampuni iliyozaliwa kwa kumtafutia nuru mtu aliye gizani ilipofika hapa ikawakuta watu wengi wa hali ile ile. Matsushita Electric (East Africa) ilitengeneza betri, na redio nazo ziliunganishwa, katika eneo la viwanda la Barabara ya Pugu, ambayo leo twaiita Nyerere, mwaka mmoja tu kabla ya Azimio la Arusha. Umeme wakati huo ulikuwa ni mambo ya mjini na Oysterbay. Tandika, Yombo, Tandale na Manzese zilikuwa zikimea kwa makuti na udongo, na nyumba ziliwashwa kwa koroboi. Ila uhitaji peke yake haujengi kiwanda, kwani watu huhitaji saa na cherehani vilevile na hazitengenezwi hapa. Sababu imo ndani ya betri yenyewe, ile tuiitayo jiwe la redio, nami naomba tulipasue.

Ganda lake ni zinki, nalo ndilo liliwalo kazi ikiendelea. Katikati husimama kijiti cha kaboni. Baina yao umeshindiliwa unga mweusi wa manganizi uliolowa chumvi. Mlioishi uswahilini mnaujua unga huo, kwa kuwa skuli zetu nyingi zilipaka ubao wa kuandikia kwa unga wa betri kuukuu, na kijiti kile watoto walichorea ukutani hata wakachapwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba kemia hiyo hailali: betri isiyotumika hujila polepole, na kadiri joto lizidivyo ndivyo ijilavyo kwa haraka. Joto hilo hilo ndilo limfanyalo mama wa Temeke ayaanike mawe juani, nayo yakapata uhai wa muda, kwa sababu dawa iliyomo husafiri upesi zaidi ikipashwa moto. Bidhaa nzito, ya bei ndogo, inayochakaa ingali dukani, huvunjika faida yake ikisafirishwa kwa meli kutoka Osaka na kukaa bandarini. Hivyo huipasa kutengenezwa karibu na mnunuzi. Redio haina udhia huo. Hungoja ghalani mwaka mzima ikatoka vile vile.

Na mnunuzi alikuwapo, tena ameandaliwa na serikali yenyewe. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na Radio Tanzania ikachukua nafasi mwaka 1965. Ilipofika 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, chini ya miembe na katika majumba ya skuli, na aghalabu kila kikundi kilitegemea redio moja iendeshwayo kwa mawe. Wataalamu wetu wameandika sana juu ya yaliyosemwa katika vipindi vile. Juu ya kilichoyafikisha masikioni wameandika kidogo mno, na hilo naliona ni pungufu katika elimu yetu.

Ikaja dhiki ya mwanzo wa miaka ya 1980, fedha za kigeni zikaadimika, na kwa kuwa zinki na manganizi ziliagizwa ng'ambo, betri ikaingia katika orodha ya vitu vya kuulizia kwa kunong'ona, pamoja na sabuni na sukari. Redio nyingi zilinyamaza zikiwa nzima. Biashara ilipofunguliwa katikati ya muongo ule, redio za kuagizwa zikajaa Kariakoo; betri za China nazo zikaja, kwa bei iliyomvuta kila mtu, ila kiwanda cha Barabara ya Pugu kiliendelea kutoa zake hata baada ya mwaka 2008, jina la Matsushita lilipofutwa na kampuni nzima ikaitwa Panasonic.

Sasa mafundi wa Tandika hufungua betri za kompyuta zilizokufa, wakatoa vyumba vya lithiamu, wakavipima kimoja kimoja kwa mita, vilivyo hai wakaviunga kuendesha redio na taa. Vyumba vya namna hiyo Panasonic hutengeneza kwa mamilioni huko Nevada, Marekani, kwa ajili ya magari ya Tesla. Mtu atauliza kama kiwanda cha namna hiyo kitakuja hapa kwa hoja iliyokileta cha mwaka 1966, nami sidhani: lithiamu ni nyepesi kwa bei yake, na huhifadhi umeme wake miezi mingi, hivyo meli haimpotezei mwenye mali kitu. Atakayekwenda kuzungumza na wenye viwanda hana budi kwenda na hoja nyingine, nayo ipo ardhini, katika madini ya kinywe ya Mahenge na nikeli ya Kabanga, ambayo betri nyingi mpya huyataka yote mawili. Na bei ya kuyatoa yakiwa ghafi, au sharti la kuyasafisha humu humu kwanza, ndiyo mazungumzo ambayo wanasheria na wanakemia wa chuo hiki wanapaswa kuyaandaa pamoja.