Kubanika Mkate bila Tosta

Maneno nitakayowaeleza jioni hii ni ya jikoni, lakini nawasihi wanaume wasiondoke, wala watoto wa shule wasiende kulala, maana mwisho wake yahusu uhai wa watu wote wa nyumbani.

Mtu akaaye Mirongo, katika mji wa Mwanza, hununua mkate dukani jioni ili watoto wale kabla ya kwenda shule. Mkate usipokwisha, siku ya pili vipande vilivyobaki huwa vigumu, navyo hutupwa. Je, hiyo si hasara? Atasema, "Nifanyeje? Sina tosta, ile mashine ya umeme ya kubanikia mkate. Tena hata mwenye nayo, umeme ukikatika haimfai kitu." Jawabu langu ni kwamba mashine hiyo ni kitu cha juzi. Aina ile inayorusha mkate juu yenyewe ukiisha kuiva ilibuniwa na Mmarekani Charles Strite, naye akapewa hati ya ubunifu wake mwaka 1921. Kabla ya hapo watu walibanika mkate kwa makaa, nao wakashiba.

Kwanza tutazame sababu. Wengi hudhani mkate huwa mgumu kwa kuwa maji yake yamekauka. Si hivyo tu. Mwaka 1852 mtaalamu wa Ufaransa, Jean-Baptiste Boussingault, alionyesha ya kuwa hata mkate uliofungiwa mahali pasipopitisha hewa, usipoteze maji, huwa mgumu vilevile; tena ukitiwa joto, hulainika. Wanga wa unga hujikaza ukilala, kama ugali wa jana unavyojikaza. Basi ugumu wa mkate wa kiporo peke yake si dalili ya kuharibika. Moto huulegeza ndani, na juu huukausha na kuutia rangi ya kahawia. Rangi ile na harufu yake nzuri hutokana na sukari na protini zikutanapo katika joto kali, jambo lililoelezwa mwaka 1912 na Mfaransa mwingine, Louis Camille Maillard. Watoto wanaogombania ukoko wa wali walilijua bila kusoma.

Ninyi mkaao kando ya ziwa hamhitaji kufundishwa kazi ya kukausha. Dagaa huanikwa juani, viazi vitamu hukatwa vikakaushwa vikawa michembe, na samaki hubanikwa. Kazi ya mkate ni ndugu ya kazi hizo, ila yataka uangalifu zaidi.

Njia ya kwanza ni makaa na wavu wa chuma. Washeni jiko nje, mngoje mpaka moshi uishe, na makaa yawe mekundu yenye jivu jeupe juu. Moshi ukiwapo bado, mkate utanuka moshi. Kateni vipande vyenye unene wa kidole. Wekeni wavu juu ya makaa, uinuke kiasi cha vidole vinne, kisha geuzeni vipande mara kwa mara. Msiondoke hata kidogo, maana kati ya rangi ya kahawia na nyeusi hakuna muda ila wa kuitikia hodi ya jirani.

Njia ya pili ni kikaango kizito, kikavu, bila mafuta, juu ya moto mdogo. Chuma cha chapati chafaa vilevile. Kikiisha kushika joto, wekeni mkate na kuufunika kwa dakika moja, ili mvuke wake wenyewe uulainishe ndani. Kisha funueni, ukauke juu. Njia hii ndiyo bora kwa mkate mgumu sana. Mwenye siagi aupake mkate ukiisha kuiva, asiipake kikaangoni, kwa kuwa siagi huungua upesi.

Njia ya tatu ni uma mrefu mbele ya moto wa kuni. Shikeni mkate kando ya makaa, si juu ya ndimi za moto. Msitumie kijiti cha mti msioujua, maana iko miti yenye utomvu wa sumu.

Njia ya nne ni ya kuweka akiba. Tandazeni mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, juu yake sahani ya bati, na vipande vyembamba vya mkate juu ya sahani. Funikeni, mtie makaa machache chini ya sufuria na machache juu ya kifuniko, kama mwokapo keki. Acheni mpaka vipande vikauke kabisa na kuvunjika kwa mlio. Vikiisha kupoa, vitieni katika kopo lenye kifuniko cha kubana. Vitakaa siku nyingi, na ni vitamu kwa chai.

Sasa maonyo, nayo ni matatu. La kwanza, mkate wenye kuvu usibanikwe. Nyuzi za kuvu hupenya ndani jicho lisipoona, na baadhi ya sumu zake haziondolewi na moto. Tupeni wote, wala msiwape kuku. La pili, mkate ukiungua, kwangueni sehemu nyeusi. Ukiungua sana, usiliwe.

La tatu ndilo lililonifanya niseme nanyi. Asubuhi ya masika, Mto Mirongo ukiwa umefura na mvua ikinyesha, mtu huona vyema kuingiza jiko chumbani na kufunga mlango, apike na kuota moto pamoja. Asifanye hivyo kabisa! Makaa yale mekundu yasiyo na moshi, yale yale niliyoyasifu, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Damu huishika kwa nguvu inayozidi mara 200 nguvu ya kuishika oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, hushikwa na usingizi, kisha hufa asijue. Mkimkuta mtu katika hali hiyo, fungueni mlango, mtoeni nje upesi, na mpelekeni hospitali. Msimwache ndani apumzike. Mvua ikinyesha, pikeni barazani penye kupita hewa. Pakikosekana mahali hapo, kuleni mkate bila kuubanika, uchovywe katika chai. Mkate mgumu haujamwua mtu.