Subira Siyo Kunyamaza
(Mazungumzo na kamati za parokia, Igogo, Mwanza)



Hapa Igogo nyumba zetu zimepanda juu ya mawe. Kuchimba choo kwenye mwamba ni kazi ngumu, na mvua kubwa ikinyesha, uchafu wa jirani wa juu humshukia jirani wa chini. Hapo ndipo subira yetu hupimwa.

Tukiri kwamba mara nyingi tumenyamaza huku tukiweka kinyongo moyoni, tukaita hiyo subira.

Tujifunze kwa wavuvi wa dagaa. Mbalamwezi ikiwaka, taa zao hazivuti dagaa vizuri, hivyo hungoja giza. Wakati huo wa kungoja hushona nyavu. Barua ya Yakobo, sura ya 5, nayo inatupa mfano wa mkulima angojaye mvua; nasi twajua kuwa huyo amekwisha kulima.

Basi mwenye subira humwendea jirani wa juu, husema naye kwa upole, hurudi tena, na siku ya kuchimba hushika sururu pamoja naye.

Nanyi wafadhili wetu, tunawaomba subira hiyo hiyo. Mwamba hautoboki kwa taarifa moja ya robo mwaka.