Mwanafunzi Mgeni na Simu ya Mkononi: Wajibu Wetu wa Kumpokea

(Maelezo kwa watumishi wa umma na wakaazi)



Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila mwaka wa masomo unapoanza, Unguja hupokea wageni ambao ni tunu kwa Taifa, nao ni vijana wanaoanza masomo ya chuo kikuu. Wapo wanaotoka Pemba, wapo wa Tanzania Bara, na wapo wa mashamba ya hapa hapa Unguja.

Itakumbukwa kwamba hadi mwaka 1998 Visiwa hivi havikuwa na chuo kikuu. Mwaka huo kilianza Chuo Kikuu cha Zanzibar huko Tunguu, na pia chuo cha elimu cha Chukwani, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kisha kikapokea wanafunzi. Mlango, kwa hiyo, umekwisha funguliwa. Ninalotaka kulizungumza ni kizingiti.

Baina ya siku kijana anapopata barua ya kukubaliwa na siku anapoketi darasani, huwa na mambo mengi ya kutimiza kwa muda mfupi: ada, fomu za mkopo, vyeti vya asili, cheti cha kuzaliwa, na mahali pa kulala. Akiwa ni wa mwanzo katika ukoo wake kufika chuo kikuu, hana kaka wala dada wa kumuuliza. Huweza kupanda meli Mkoani, akashuka Malindi, kisha akaambiwa kuwa kitivo chake hakipo Tunguu bali Vuga au Beit-el-Ras, na kwamba karatasi moja ameisahau nyumbani. Wengine huona haya kuuliza mara ya pili, na kijana anayenyamaza ndiye anayepotea.

Tatizo hili si letu peke yetu. Chuo Kikuu cha Georgia State, mjini Atlanta, Marekani, kiliona kuwa baadhi ya vijana kiliowakubali hawafiki siku ya kufungua. Mwaka 2016 kiliweka mtambo wa kujibu maswali kwa ujumbe mfupi wa simu, saa yoyote ya usiku au mchana. Swali ambalo mtambo haukuweza kulijibu lilipelekwa kwa mtumishi. Katika msimu ule mmoja yalitolewa majibu zaidi ya 200,000, na kiwango cha wasiofika kikapungua kwa takriban asilimia 21 kwa kulinganisha na wenzao waliokosa msaada huo.

Ndugu wananchi, tuzingatie kwamba njia iliyotumika ilikuwa ujumbe mfupi wa kawaida. Nasi tukitengeneza programu ya simu kwa ajili ya wanafunzi wapya, haifai iwe ya wenye simu za thamani na bando la intaneti tu. Itumie Kiswahili chepesi, na pawepo njia ya ujumbe mfupi kwa mwenye simu ndogo.

Pili, taarifa zake lazima ziwe za kweli na za siku ile. Tarehe ya usajili iliyobadilishwa ofisini lakini ikabaki ile ya zamani ndani ya simu, humgharimu mzazi nauli ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo kila idara imteue mtumishi mmoja mwenye dhamana ya kuzisahihisha.

Tatu, programu ioneshe wazi njia rasmi ya kulipa ada, ili kijana asidanganywe na ujumbe unaomtaka atume fedha kwa nambari ya mtu binafsi. Nayo isimdai habari zake zaidi ya zile zinazohitajika kwa kazi hiyo.

Lakini hata programu iliyo bora haimbebei mgeni mzigo wala haimuulizi kama amekula. Kijana mwenye huzuni, mgonjwa, au aliyeishiwa fedha anahitaji mtu. Watumishi wenzangu, swali linalofika mezani kwetu kutoka kwenye simu ni mtu aliyesimama mlangoni, na tusimwambie arudi kesho kwa jambo linalowezekana leo. Wenye nyumba za kukodisha karibu na vyuo waeleze kodi na masharti bila ya kuficha. Masheha na majirani wawatambue vijana hawa kama watoto wao. Wazazi nao wasiache kuwapigia simu katika wiki za mwanzo.

Kijana mmoja akirejea kwao kwa kukosa jibu la swali dogo, hasara ni ya familia yake na ni ya Visiwa hivi, vitakavyomkosa mwalimu au daktari. Tumpokee vyema.