Eathi katika Udongo Mkavu: Hatari za Nyaya katika Nyumba za Zamani za Idodi



Idodi ina kumbukumbu yake ya moto. Agosti 2009 bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi liliungua usiku, wanafunzi 12 wakapoteza maisha, na chanzo kilichotajwa ni mshumaa. Tangu hapo, ukizungumzia tahadhari ya moto, wengi hufikiria mshumaa na koroboi. Umeme huhesabiwa kuwa ndiyo dawa. Ni kweli umepunguza miali ndani ya nyumba. Ila mshumaa angalau unaonekana ukiwaka, tofauti na kiungo cha waya kilicholegea juu ya dari.

Nyumba za zamani ninazozizungumzia zilifungwa nyaya za kuwashia taa na redio. Baadaye ikaja pasi, friji, birika. Birika la wati 2,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 linavuta karibu ampia 9, na mara nyingi soketi yake imeungwa kwenye waya wa taa kwa sababu ulikuwa karibu. Panda kwenye kenchi uone kiungo chenyewe: nyaya mbili zimesokotwa kwa mkono, zikaviringishwa tepu nyeusi. Joto la bati limekausha gundi, tepu imefunguka, panya wameonja kilichobaki. Kiungo kikilegea kinapata moto, na saketi breka haishtuki, maana umeme unaopita ni wa kiwango cha kawaida. Breka hulinda waya usizidiwe. Haina habari na kiungo kibovu.

Fyuzi za kauri nazo bado zipo. Ikikatika usiku, mtu anaweka nyuzi za waya wa shaba, au msumari. Hapo sihitaji kueleza sana.

Rangi pia zinachanganya mafundi vijana. Nyaya za zamani zilifuata desturi ya Kiingereza: nyekundu ni laini, nyeusi ni nyutro. Uingereza wenyewe walianza kuhamia kahawia na buluu mwaka 2004. Nyumba iliyoongezwa chumba ina rangi zote nne, kwa hiyo tumia testa, usiamini macho.

Sasa nije kwenye jambo linaloihusu Idodi hasa. Huku bondeni hatuna mvua za Mufindi. Kuanzia Mei hadi Novemba ardhi inakauka kabisa, na fimbo ya eathi iliyopigwa masika, udongo ukiwa laini, inabaki imesimama kwenye vumbi. Tuseme upinzani wake umefika omu 100, jambo lisilo la ajabu kwenye udongo wa namna hiyo. Waya wa laini ukigusa bodi ya friji, umeme utakaopita kwenda ardhini hauzidi ampia 2.3. Fyuzi ya ampia 13 itakaa kimya, na friji itabaki na umeme ikimsubiri mtoto atakayeifungua miguu peku. Mwenye nyumba atasema "inatekenya kidogo", kisha atawaambia watu wavae kandambili.

Ndiyo maana kwa ukanda huu natanguliza kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile chenye kitufe cha T. Chenye kiwango cha miliampia 30 hukata kabla fyuzi haijajua lolote, hata eathi ikiwa dhaifu. Kitufe hicho kiwe kinabonyezwa mara kwa mara. Kisipokata, kifaa hakifai. Kwa kipato kidogo, hela iende hapo kwanza, kisha kwenye viungo vya darini. Jipsamu na rangi vitasubiri.

Kazi apewe fundi mwenye leseni ya EWURA. Mhuri wa mkandarasi huwekwa siku ya kuomba kuunganishiwa umeme, na baada ya hapo nyumba inaweza kukaa miaka mingi bila mtu kuipima. Kwa nyumba za kupanga, ukaguzi huo ni wajibu wa mwenye nyumba, si wa mpangaji anayehama kesho.

Tukirudi kwenye eathi, mafundi wengi humwaga chumvi na mkaa kwenye shimo la eathi. Inasaidia kwa muda, lakini chumvi husombwa na mvua na huila fimbo. Mimi napendelea kuongeza fimbo ya pili, upande yanakotiririkia maji ya bafuni, na umbali kati ya fimbo hizo usipungue urefu wa fimbo moja.