Jibu Moja, Safu Nyingi: Mazungumzo kwa Makatibu wa Vyama vya Msingi



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanachama aulizapo hesabu yake hatosheki na tarakimu moja. Hutaka kuona kilo alizoleta, thamani yake, makato ya pembejeo na fedha anazostahili, kila jambo katika safu yake. Chama kinachotunza leja katika kompyuta hakina budi kudai jibu la namna hiyo hiyo.

Msingi wa hifadhidata nyingi za leo ni nadharia aliyoichapisha E. F. Codd wa IBM mwaka 1970: habari hupangwa katika majedwali yenye mistari na safu. Ndani yake huweza kuwekwa pia kanuni ya hesabu, ikapewa jina, ili kila karani aiite badala ya kuiandika upya. Hivyo makato ya wanachama wote hukokotolewa kwa njia moja.

Shida huanza kanuni hiyo inapotakiwa kurudisha safu nyingi. Katika programu ya PostgreSQL, tangu toleo la 8.4 la mwaka 2009, mtengenezaji aweza kuandika RETURNS TABLE, kisha akataja jina na aina ya kila safu. Akisema tu kwamba kanuni hurudisha rekodi, bila kuzitaja safu, mzigo humwangukia kila aiitaye kama jedwali: sharti aziorodheshe mwenyewe, la sivyo hukataliwa.

Namna ya kuita nayo ina uzito. Kanuni ikiwekwa mara baada ya neno SELECT, safu zote hurudi zimefungwa pamoja ndani ya mabano. Karani akianza kuzitenganisha kwa mkono, makato huweza kusomwa kuwa malipo. Ikiwekwa baada ya neno FROM, huchukuliwa kama jedwali, na kila safu husimama mahali pake. Wako wanaolifungua fungu lile kwa nukta na nyota. Lakini hapo kanuni hukokotolewa upya kwa kila safu. Yenye safu tano hufanya kazi mara tano, na foleni ya malipo hungoja.

Basi, katibu aletewapo programu mpya, na aulize: Je, kila safu imetajwa jina na aina? Je, kanuni huitwa kama jedwali? Je, majibu yamelinganishwa na leja ya karatasi kabla ya siku ya malipo? Fedha ya mwanachama ni amana.