Nge Gani? Andika Ulichokiona!

Leo tuongee habari za nge. Najua wengine mmeshaanza kukunja miguu! Tulieni. Hapa Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru, nge si mgeni. Yuko kwenye rundo la kuni, yuko chini ya mawe, na pengine asubuhi yuko ndani ya kiatu chako.

Sasa nikuulize. Mdogo wako akiumwa na nge usiku, ukamkimbiza zahanati, na mganga akauliza, "Nge gani?" Utajibu nini? "Nge mweusi"? Weusi ni wengi, bwana! Duniani kuna aina zaidi ya 2,000 za nge. Wote wana sumu, lakini ni wachache tu wanaoweza kuua mtu. Mara nyingi mwenye magando membamba na mkia mnene ni hatari kuliko mwenye magando manene, ingawa hilo peke yake halitoshi kumtambua. Ili tujue kwa hakika, lazima mtu amchunguze, aandike, na maandishi yake yachapishwe.

Chukua mfano. Afrika Mashariki kuna nge mkubwa mwenye magando mekundu. Mwaka 1888 Reginald Pocock, mtaalamu wa makumbusho ya London, alichapisha maelezo yake na kumpa jina la kisayansi. Miaka 128 baadaye, mwaka 2016, Lorenzo Prendini wa makumbusho ya New York alichapisha uchunguzi mpya wa kundi zima la nge huyo. Leo anaitwa Pandinoides cavimanus. Pocock alifariki mwaka 1947, lakini kazi yake bado inasomwa, inapimwa na kusahihishwa. Kwa nini? Kwa sababu iliandikwa na kuchapishwa.

Wazee wetu wanajua mengi kuhusu nge wa mashambani mwao. Lakini ujuzi unaobaki kichwani mwa babu huzikwa pamoja na babu.

Kuchapisha utafiti si kujisifu. Unaeleza ulichunguza nini, wapi, lini na kwa njia gani. Unatuma kwenye jarida la kisayansi. Wataalamu wengine wanaisoma kazi yako na kukubana kwa maswali. Ukipita, inachapishwa ili yeyote aweze kuipima. Na kama ni aina mpya ya nge, sampuli yake huhifadhiwa ili wengine waione.

Utasema, "Hayo ni ya maprofesa." Hapana! Mwaka 1963 kijana Mtanzania, Erasto Mpemba, alikuwa kidato cha tatu. Alipotengeneza aiskrimu aliona maziwa ya moto yameganda kabla ya yale yaliyopoa. Aliposimulia, alichekwa. Hakukata tamaa. Baadaye alimuuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakajaribu, na mwaka 1969 makala yao ikatoka katika jarida la Physics Education. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kuhusu jambo hilo. Wapo wanaolipinga. Sawa kabisa! Lisingechapishwa, wangebishana nini?

Basi na wewe anza na daftari. Andika tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, rangi ya nge, magando na mkia wake. Mchore. Usiongeze chumvi, na usichokijua usikiandike. Usimshike kwa mkono! Kisha mwonyeshe mwalimu wako wa baiolojia. Mjini Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Sokoine, nacho kina wataalamu wa wanyama. Waandikieni barua, muulize maswali.

Na mtu akiumwa na nge? Osha jeraha kwa maji na sabuni. Weka kitambaa chenye maji baridi. Usichanje kwa wembe, usifunge kamba. Mpeleke zahanati, hasa mtoto mdogo. Akitokwa na mate mengi, akitetemeka au akipumua kwa shida, kimbieni!

Siku moja mganga atauliza tena, "Nge gani?" Napenda jibu lake liwe limechapishwa, na chini yake pawe na jina la kijana wa Matombo. Kwa nini lisiwe lako?

Haya, kwaherini. Na kesho asubuhi, kung'uta viatu kwanza!