Kasa na Taa za Ufukweni

Msikilizaji wa Oldonyo Sambu, bahari iko mbali nasi, lakini shule zikifungwa wengi hupanda basi kwenda Tanga na Pangani. Huko, kasa hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo na kutaga mayai yanayoweza kuzidi 100. Baada ya miezi miwili hivi, watoto hutoka mchangani wakifuata mng'ao wa bahari. Taa ya hoteli, hata tochi ya simu yako, huwapeleka nchi kavu. Jua likiwakuta huko, wanakufa. Kisiwani Juani, Mafia, wanakijiji wanaoshirikiana na shirika la Sea Sense hulinda viota. Nawe ukimwona kasa, zima tochi, kaa mbali, mwache atage. Mashimo watoto wenu waliyochimba mchangani, yafukieni kabla ya magharibi, kasa wasije wakanasa humo.